Nikimwimbia baba mkwe, ananiita kwa jina la marehemu mkewe

Shangazi Adelgunda, shikamoo. Mimi kwetu ni Bweranyange, nimeolewa Nyabiyonza, na nakuandikia kwa sababu kichwa changu kimevurugika, sijui tena lipi ni jema na lipi ni dhambi, tafadhali nisaidie.

Tunaishi na baba mkwe wangu, Mzee Placidius, ambaye hospitali walisema ana ugonjwa wa Alzheimer, ule unaokula kumbukumbu kidogo kidogo, na kweli umemla, maana yeye aliyepanda migomba yote ya kibanja hiki sasa akitoka nje anauliza hapa ni kwa nani, mume wangu Elpidius, mwanawe wa kumzaa, anamwita mgeni, chakula anakisukuma, kuoga ni vita. Muuguzi alitushauri tumjaribu kwa nyimbo za ujana wake, akasema wagonjwa wa namna hii husahau hata majina ya watoto wao lakini nyimbo za zamani hubaki, haziponyi ila hutuliza. Elpidius akamwekea kwaya ya usharika kwenye simu, mzee akaziba masikio.

Basi siku moja nilikuwa jikoni namenya ndizi, mzee amekaa mlangoni, nikawa naimba tu bila kufikiri, wimbo wa kwetu ambao wanawake humwimbia binti anapoagwa kwenda kuolewa, bibi yangu ndiye alinifundisha, mara nikasikia mzee anapiga makofi polepole, kisha akaitikia, akaendelea mpaka maneno ambayo mimi nilikuwa nimeshayasahau, akaniangalia usoni akatabasamu, akasema, "Vestina, hizo ndizi bado tu?" Vestina ni marehemu mama mkwe, naye alitoka Bweranyange kama mimi. Siku hiyo mzee alikula akamaliza.

Tangu hapo nikiimba anakula, anakubali nimwogeshe, hapigi kelele, lakini nikiimba mimi si mimi tena, ni Vestina, ananishika mkono, ananisifia mapishi, na wewe Shangazi unajua mila zetu, mtu na baba mkwe wake hawashikani hovyo, mimi mpaka leo nikimsalimia nainamisha macho. Majirani wakaanza kucheka. Na nikuambie ukweli wote, nilikuwa nafurahi, maana katika nyumba hii hakuna mwingine aliyewahi kuniambia asante kwa chakula, halafu nikijikuta nimefurahi naona aibu.

Wiki iliyopita ndipo mambo yakaharibika. Tulikuwa tunaimba, mzee akanyamaza ghafla, machozi yakamtoka, akasema, "Vestina, siku ile nilikufukuza na mtoto mgongoni, na mvua inanyesha. Umenisamehe?" Mimi sikujua ni siku gani, nilimwona tu mtu mzima analia, nikajibu, "Nimekusamehe, Baba Elpidius." Akashusha pumzi, uso ukatulia. Nageuka, mume wangu amesimama nyuma yangu, mkungu wa ndizi begani.

"Nani kakupa ruhusa?" akaniuliza.

Nikasema, "Alikuwa analia."

"Huyo mtoto wa mgongoni ni mimi. Mama alinisimulia siku hiyo mpaka anakufa, na hakumsamehe. Baba alipokuwa na akili zake hakuomba. Sasa wewe umemsamehe kama nani?"

Akapiga marufuku wimbo. Tangu hapo mzee hali, anakaa palepale mlangoni anauliza, "Vestina ameenda wapi?" na Elpidius anamjibu, "Amekufa," na mzee analia kama ndiyo kwanza analetewa msiba, kesho yake anauliza tena. Juzi Elpidius akiwa shambani kwenye kahawa nilimwimbia kwa sauti ya chini, mzee akala kidogo, mimi nikajiona kama mwizi.

Shangazi, niimbe au ninyamaze? Nimemdanganya mzee? Nimemkosea marehemu ambaye sikuwahi hata kumwona? Mume wangu ana haki, na mzee ana njaa, nami niko katikati.

Joyness, Nyabiyonza

SHANGAZI ADELGUNDA ANAJIBU

Marahaba, Joyness. Pole, mwanangu. Barua yako nimeirudia mara kadhaa, na kuna mahali hata mimi nimekwama, sitakuficha.

Tuanze na mkono. Mila ya heshima iliwekwa ili watu wenye akili timamu wasivunjiane adabu, haikuwekwa ili mzee afe na njaa mbele ya chakula. Anayekushika mkono ni mgonjwa anayemtafuta mkewe. Waache majirani wacheke, wakichoka wataenda kupalilia. Lakini kumwogesha? Hapo nakushangaa! Mwanawe yupo, ana mikono miwili, wewe unaingiaje? Kuanzia leo hiyo ni kazi ya Elpidius.

Kufurahia sifa si kosa. Kosa ni la nyumba iliyokuacha uzisikie kwa jina la marehemu.

Sasa nikugombeze kidogo. Ulijibu kwa huruma, ndiyo, ila msamaha wa Vestina haukuwa wako kuutoa. Atakuuliza tena, kwa sababu atakuwa amesahau kwamba ulishajibu. Usibishane naye, usimwambie wewe si Vestina, wala usisamehe. Mwambie, "Nimekusikia, baba. Niko hapa." Hapo hujadanganya. Kisha endelea na wimbo, na ukiona unamtia uchungu badala ya kumtuliza, badilisha. Nenda kwenu Bweranyange, waombe akina mama waimbe nyingine za rika lake, uzirekodi kwenye simu, ili utulivu wake usitegemee koo lako peke yako. Na mrudisheni hospitali haraka. Mgonjwa asiyekula huenda ana kidonda mdomoni, jino, au ugonjwa mwingine asioweza kuusema. Wimbo hauchunguzi hayo.

Yanayofuata ni ya mumeo. Mpe gazeti asome mwenyewe.

Elpidius, pole sana. Ulibebwa mgongoni kwenye mvua, na wewe hakuna aliyekuomba radhi. Hasira yako ina sababu, na simlazimishi mtu kusamehe kupitia gazeti. Mtafute mchungaji wako, au mtu mzima unayemwamini, ulitoe hilo jambo kifuani. Lakini baba yako hawezi tena kuadhibiwa, maana hajui anaadhibiwa kwa lipi. Unapomwambia kila siku kwamba Vestina amekufa, unamzika mama yako kila siku. Akiuliza yuko wapi, kaa chini, mwambie, "Hebu tusimulie habari zake." Huenda ukasikia mambo ya mama yako ambayo hakuna mwingine aliyebaki wa kukusimulia. Na mkeo anayekulishia baba, mwambie asante kwa mdomo wako.

Mahali nilipokwama ni hapa: kama ule msamaha ulimfaa mzee au ulimwibia marehemu, sijui, na sidhani kama yupo anayejua. Kwamba mzee ana njaa, hilo tunalijua sote. Joyness, imba. Elpidius, shika kijiko.