Baba Ngassa, Picha Yako Imepatikana

Mwaka umegeuka, Baba yetu Januarius Ngassa, tangu ulipotutoka ghafla hapa Bariadi. Pamba uliyoiacha ikichanua ilivunwa, wanunuzi binafsi wakaigombania, nyingine sasa inachanua, na wakulima bado wanalalamikia bei. Hujapitwa na mengi.

Tunaikumbuka studio yako pale stendi. Wenzako walipiga picha za walio hai. Wewe uliwarudisha waliokwisha kwenda. Watu walitoka Shishiyu na Ipililo na picha zilizotafunwa na mchwa. Ulizipiga upya moja moja, ukajaza kwa brashi palipoliwa, ili siku ya misa ya marehemu meza isikae tupu bila picha yake. Mjane akilia ulimwambia, "Nyamaza, mayu, mama yangu. Mchwa wamekula koti tu. Uso wake wameuogopa." Akacheka na machozi yake.

Ruksa ilipokuja, biashara zikafunguliwa, na mashine za picha za rangi zikaingia kutoka Mwanza, tulikutania kwamba sasa umekwisha. Ukatujibu bila kuinua kichwa: "Mashine inataka mtu akae kwenye kiti. Wateja wangu mimi watakaaje?"

Lakini Baba, ulituaibisha. Ulikaa nyuma ya kamera maisha yako yote, ukafa bila picha. Siku ya mazishi jirani mmoja alinong'ona kwa sauti ya mnadani, "Kweli kinyozi hajinyoi!" Mama yetu Eufrasia akainamisha kichwa. Akaapa kwamba misa ya mwaka haitasomwa mbele ya meza tupu.

Jenipha, binti yako uliyemfundisha kazi, akazunguka kwa ndugu wote. Picha akaipata kijijini Binza kwa shangazi Domitila, imebandikwa jikoni tangu harusi yake, nyeusi kwa moshi. Siku ile ya harusi ulimpa baba mdogo Zengo kamera ili nawe usimame na wenzako. Baba mdogo akakata vichwa vya mstari mzima. Chako kikapona kwa sababu Mungu alikuumba mfupi. Utusamehe, Baba, lakini ndivyo ilivyo.

Jenipha akajifungia studio, akakusafisha. Akatoka na uso mwororo wa kijana mtanashati asiye na ndevu. Mama akaishika ile picha, akaitazama sana.

"Mzuri huyu," akasema. "Ni nani?"

Jenipha akachungulia begani kwake. "Mama, si baba huyu?"

"Na kovu la pembe ya ng'ombe liko wapi?"

Sisi watoto tulikujua na ndevu tu. Hatukujua zilificha nini. Jenipha alidhani ni masizi, akalifuta.

"Kumbe ndiyo maana baba alimuuliza kila mteja kwanza, 'Hili ni doa, au ni lake?'" alisema. "Mimi sikumuuliza mtu."

"Basi inuka, twende."

Mama hakuwahi kukanyaga chumba chako cha kusafishia picha, kwa kuchukia harufu ya zile dawa. Asubuhi hiyo alikaa humo, bega kwa bega na binti yake, nakala nyingine ikianza, akiielekeza brashi lilipokaa kovu.

"Shusha kidogo. Aa, lilipinda hilo, kama linacheka. Hapo. Hapo hapo!"

Kisha akasimama. Akajitanda khanga yake vizuri, kama mke ambaye mumewe amerudi safari.

"Mwangaluka, baba Jenipha," akakuamkia.

Studio yako imefunguliwa, Baba. Jenipha anakalia kiti chako, na siku hizi hagusi brashi kabla hajauliza. Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi hii parokiani. Utakuwepo mezani.

Unakumbukwa na mkeo Eufrasia. Watoto wako Jenipha, Nyanda na Salu. Mdogo wako Zengo, ambaye amekatazwa kushika kamera. Dada yako Domitila. Wakwe, majirani na wateja wako wote.

Tutakukumbuka daima, na hata mjukuu ambaye uliondoka hajazaliwa atajua anamkumbuka nani.