Usitie Sahihi Karatasi ya Pango

Othaya, Nyeri
11 Novemba 2024

Mpendwa kaka Mwai,

Salamu kutoka kwenye baridi yetu. Hujambo? Kifua cha Monicah kimepoa, au joto la Lodwar limemletea jambo jingine? Mimi ni mzima isipokuwa goti, na hata goti limeona nina hasira likaacha kuuma.

Kingori wa kamati ya kijiji atakutumia karatasi. Usiitie sahihi! Shamba liko kwa majina yetu sisi wawili, na bila wewe hana ruhusa ya kuliziba pango lililo chini ya majani chai. Kamati yake inadai popo wanaleta magonjwa. Ndani sasa mmejaa mama wenye vichanga ambao bado hawajui kuruka. Mlango ukizibwa Jumamosi watafia humo wote.

Sijui kama ulisikia walichofanya mwaka jana. Walichoma matairi pale mlangoni, wakashangilia popo wakitoka. Jumapili kwaya ikaanza wimbo wa kwanza, na dari ikajibu. Walikuwa wamehamia juu ya madhabahu! Mhubiri alimaliza mahubiri chini ya mwavuli. Moshi ulipoisha wengi walirudi pangoni, lakini baadhi wameonja kanisa wakakataa kutoka.

Jana Kingori alikuja na watu wake. "Mama Shiku, hii pango tunafunga Saturday, utake usitake. Ati unalinda popo?"

Nikamwambia, "Anza kwanza na wale ulipeleka kanisani." Hata aliokuja nao walicheka.

Mimi si mjinga, Mwai. Siingii mle wala siwagusi. Fundi Gathogo amenitengenezea lango la vyuma vilivyolazwa, popo anapita, mtu hapiti. Na kila jioni wanatoka kula nondo wanaozaa viwavi wa mahindi. Kingori hajawahi kunipalilia hata mstari mmoja.

Halafu kuna cucu Watiri, nyanya yetu. Wakati wa Emajensi ya mkoloni alijificha humo siku nne, baba yetu akiwa mtoto mgongoni. Hakuwasha moto, hakukohoa, kwa sababu popo wakiruka mchana askari wangejua kuna mtu. Askari walichungulia, wakawaona popo wananing'inia wamelala, wakaenda zao. Ndiyo maana mimi na wewe tuko hai. Leo tuwafungie ndani? Shukrani ya punda ni mateke, lakini sisi si punda.

Nisalimie Monicah, na Wahome umwambie shangazi yake anangoja matokeo ya mtihani. Shiku anawasalimu nyote. Ngai Mwenyezi awafunike huko jangwani.

Jumamosi asubuhi nitakuwa pale mlangoni, nimekalia kigoda cha cucu. Yeye alikaa kimya ili tuishi. Mimi nitapiga kelele mpaka Ruring'u, huko Nyeri mjini, wanisikie.

Dada yako akupendaye hata ukichelewa kujibu,
Waithira