Baba, Wameniambia Nipunguze Sauti Yako

Baba mpendwa, sajini wangu,

Huko uliko sijui kama kuna gwaride. Kama lipo, nawaonea huruma malaika.

Nakuandikia kwa sababu nimeaibika, na wa kulaumiwa ni wewe. Chuo chetu cha ukunga kilinipeleka kwenye kozi hapa Kampala, ya madaktari na wauguzi tunaofundisha: nasi tufundishwe kufundisha, tuyafanyie utafiti madarasa yetu, kisha tuwaongoze wenzetu. Niliahidiwa kuwaongoza walimu wa chuo, mradi nifaulu somo la majaribio. Kazi hiyo naitaka, Baba, sikufichi.

Nikapewa somo la kufunga bandeji, wenzangu wakiwa ndio wanafunzi. Kufungua kinywa tu, ikatoka ile sauti yako ya uwanja wa gwaride wa Naguru. "Wewe! Bandeji inashikwa hivyo?" Daktari mmoja wa upasuaji, mtu mzima mwenye mvi, akasimama wima, mikono ubavuni, bandeji ikabiringika hadi mlangoni. Hakuna aliyeifuata.

Kozini kuna desturi: mwenzako akimaliza kufundisha, umsifu kwanza ndipo umkosoe. Basi wakatazamana wakiitafuta sifa. Mwishowe muuguzi mmoja akasema, "Sauti ya madam inafika mpaka mtaa wa Kansanga." Wakacheka hadi machozi. Kisha mkufunzi akaniambia kwa upole kwamba hakuna aliyethubutu kuuliza swali. Nirudie wiki inayofuata.

Nilirudi nyumbani nimenuna, nikakukumbuka. Asubuhi ulikuwa ukiwatetemesha makuruta, nasi watoto tukichungulia. Lakini jioni ulimwita yule aliyekosea hatua, ukampa chai yetu ya maziwa, ukamwuliza taratibu, "Mtoto yangu, wapi inakushinda?" Mama alinung'unika kuhusu maziwa. Kuruta akaeleza, na kesho yake mguu ukakaa sawa. Mimi nilirithi asubuhi yako tu, Baba. Jioni niliisahau.

Basi mara ya pili nilimsogelea yule daktari. "Daktari, wapi inakushinda?" Akatazama huku na huku, akaninong'oneza, "Madam, mimi nakata tu. Kufunga ni kazi ya masista." Tukafunga pamoja, polepole, hadi bandeji ikakaa imara. Kumbe wengi walikuwa na shida hiyohiyo, maswali yakamiminika mpaka muda ukatuishia.

Nimefaulu! Jumatatu naanza kuwaongoza walimu. Utafiti wangu wa kwanza utahusu swali lako lile la jioni, na katika bajeti nimeandika chai ya maziwa. Mama angenuna.

Sauti nimeipunguza, kama walivyotaka. Ila nikiwa peke yangu jikoni, na ukimya umenizidi, huwa napaza kwa nguvu zote, "Nyuma, geuka!" Majirani wamezoea. Kisha nageuka kweli, Baba, nikitumaini kukuona.

Mguu pande, sajini. Pumzika.

Ni mimi, binti yako, kuruta wako wa mwisho.