Malawi Yako, Zambia Yake

Wifi yangu Saida,

Nimerudi jana kutoka Zambia, miguu imevimba, na nina hasira na wewe. Ndiyo, na wewe! Mtu gani anafariki katikati ya ubishi?

Ubishi wenu hapa Mbalizi nani asiyeujua? Kila mwaka mnafunga duka mkapumzike, wewe unataka Malawi, kaka yangu anataka Zambia, mnabishana mpaka siku zinakwisha, mnaishia Iringa kwa shangazi yetu kula na kulala.

Tangu tukuzike, kaka Idrisa hajalitaja jina lako. Hakulia, hakukusema. Mtu akikukumbuka mbele yake, anainuka kwenda kupanga vitenge vilivyokwisha kupangwa. Ukimwuliza lolote, jibu ni "sawa." Amekonda mpaka kanzu inamning'inia. Nasra wako akanijia analia: "Shangazi, mtoe baba humu ndani, anatuishia huyu." Nikasema basi, nampeleka kote kuwili, akishaziona nchi zote mbili lazima atafungua mdomo akubishie. Nilichotaka ni hicho tu, wifi, akutaje.

Tukaanza na Malawi. Unatujua watu wa huku, wali wa mtu mwingine hatuuamini. Nikabeba mchele wa Rujewa na sufuria yake. Pale mpakani Kasumulu begi likafunguliwa, afisa akaniuliza naenda kuuza wapi. Nikamwambia naenda likizo. Likizo na sufuria? Akanitazama kwa huruma, akanigongea muhuri.

Wamalawi wapole, loo! Unamkanyaga mtu, anaomba radhi yeye. Lakini upole hauliwi, Saida. Barabarani wanakupungia vijiti vyenye panya wa kuchemsha, na mimi na kaka tunatazamana. Tukafika kwenye hilo ziwa lako ulilolisifu, tukaletewa usipa. Usipa! Si hawa hawa wa Kyela? Nivuke mpaka, nigongewe pasipoti, nije kula samaki ninaowapita kila siku sokoni? Na ukisema Ziwa Nyasa wanakusahihisha, kwa upole vilevile, kwamba ni Ziwa Malawi. Nilibishana na mhudumu peke yangu, maana kaka alikuwa anatazama maji tu. Nikamwuliza, unapaonaje? "Sawa." Wallahi nilitamani kumsukuma humo humo ziwani.

Tukarudi nyumbani, nikajipa moyo, tukaondoka tena. Zambia, jamani, haina mwisho. Unalala ndani ya basi, unaamka, pori ni lile lile, unalala tena. Wao wachangamfu: wanakuuliza umetoka wapi, umeolewa na nani, watoto umewaachia nani, na hapo hapo wanakuuzia viwavi wakavu kwenye bakuli. Khaa! Kule panya, huku viwavi. Nikatoa sufuria yangu. Mwenye nyumba ya wageni akaniazima jiko la mkaa, nikapikia uani, nikampakulia kaka. Akala nusu. "Umeshiba?" "Sawa."

Tukafika kwenye maporomoko yenyewe ya Viktoria. Siongopi, wifi, yale maji yanatisha, kelele zake hata unachowaza hukisikii. Watu wanakodi makoti ya mvua, mumeo akakataa. Akasimama pale ukingoni analowa, kofia inachuruzika. Nikamfokea atoke. Hakunisikia. Kumbe naye anafoka.

"Nilikwambia, Saida! Nilikwambia twende huku! Kila mwaka Malawi, Malawi, haya, iko wapi? Si tungekuja wote! Mbishi wewe! Mbishi!"

Watu wakajisogeza pembeni, wazungu wakashusha simu zao. Akakugombeza mpaka sauti ikakauka, kisha akakaa chini palepale penye maji, akalia kile kilio alichotunyima siku ya mazishi. Nikakaa naye. Sikumnyamazisha, nililia na mimi, na moyoni nasema alhamdulillahi.

Sasa hanyamazi. Njia nzima mpaka Tunduma ni Saida angesema hivi, Saida asingekula vile, Saida angekinunua hiki kitenge halafu akitie kasoro. Masikio yamenichoka. Jana kabla hata hajavua viatu, kamwambia Nasra kuwa mama yake alikosea, Zambia ndiyo yenyewe.

Mimi sikubali. Zambia ni mbali, kiuno changu bado kinalalamika. Na Malawi ni pazuri, Saida, nilikuwa na hasira tu. Ulikuwa na haki, na ninaumia kwamba hukupaona.

Pumzika, wifi yangu, Mola akufanyie wepesi huko uliko. Huku usiwe na wasiwasi. Kila atakaposema Zambia, nitasema Malawi, kwa niaba yako, mpaka apandwe na hasira akuite kwa jina.

Wifi yako,
Hadija