Udongo wa Kwenye Karai

9 Agosti

Mwanangu mpendwa,

Natumai u mzima, na kile kikohozi kimekuachia. Mimi mzima, ila goti, ambalo siku hizi linajua mvua kabla ya redio. Simu imekufa kabisa, kwa hiyo uvumilie mwandiko wangu.

Nakutumia udongo kama ulivyoniagiza: nimechimba sehemu kumi na tano za shamba, nikachanganya pamoja, nikakujazia mfuko mmoja. Fomu nimejaza pale nilipoelewa. Ulisema chombo kiwe kisafi. Nilikisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa. Hata wewe hukuwahi kuogeshwa hivyo! Sikutaka wenzako wa maabara waseme baba yako mchafu.

Baba yako mdogo hatanii. Shamba ni letu wawili, na amesema mahindi yakigoma tena msimu huu, tunawapa wachoma chokaa walichimbe. Miaka arobaini na moja nimelilima. Nakutegemea wewe, maana mimi mbinu zimeniishia.

Baba yako

2 Septemba

Shikamoo Baba,

Kikohozi kimekwisha. Goti ulikande kwa maji ya moto, usijifanye kijana.

Majibu yametoka. Udongo wako una chokaa nyingi, kama tulivyojua, na udongo wa namna hiyo ni bahili: madini madogo kama zinki yamo, lakini huyashikilia, mzizi usiyapate. Ndiyo maana hatupimi kilichomo chote. Tunapima kile ambacho mmea unaweza kukichukua. Nilikuwa na hakika zinki ndiyo itakuwa shida. Kumbe ipo tele! Nilirudia kupima, jibu lile lile. Basi usihangaike kutafuta zinki. Tia samadi na mbolea ya kukuzia, upande bila wasiwasi.

Nimefurahi mno, Baba. Mwambie Baba Mdogo asubiri, aone.

Binti yako

20 Novemba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Afya ipo, usingizi ndio haupo.

Nilifanya ulivyosema, neno kwa neno. Mahindi yaliota vizuri, wiki ya tatu yakasimama. Majani machanga yana michirizi myeupe, mimea imedumaa, hainifiki gotini, na goti lenyewe ndilo hili bovu. Nimepalilia mara mbili. Asubuhi nakwenda, nasimama katikati ya mistari, narudi nyumbani. Sina la kufanya.

Baba yako mdogo alikuja jana, akazunguka shamba zima, akang'oa mmea mmoja, akaondoka nao. Heri angenitukana.

Sikulaumu. Nauliza tu: nilikosea wapi?

Baba yako

28 Novemba

Shikamoo Baba,

Sina hata nguvu ya kukuuliza habari za goti. Barua yako nimeisoma nimesimama. Michirizi hiyo ni njaa ya zinki, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeijua.

Nikaenda kuitafuta fomu yako. Kuna nafasi inayouliza udongo ulichanganywa kwenye chombo gani. Wewe uliiacha wazi. Mwandiko uliopo pale ni wangu: "Plastiki." Nilijaza mwenyewe, kwa sababu fomu yenye pengo hurudishwa, nami sikutaka udongo wa baba yangu urudishwe.

Baba, ulichanganyia kwenye nini? Kama ni lile karai la bati, basi bati hupakwa zinki ili lisishike kutu, na wewe ukalisugua kwa mchanga. Nilipima karai, Baba. Sikupima shamba.

Nimekufungia pakiti ya zinki ya kunyunyizia majani, maelezo yamo ndani. Nyunyizia siku hiyo hiyo utakapoipata. Bado yanaweza kuinuka. Nijibu upesi, nakuomba.

Binti yako

19 Januari

Mwanangu,

Nakuombea uzima. Mimi nipo.

Barua yako ilikaa posta wiki tatu. Goti lilinilaza, na nilidhani umekosa la kunijibu, kwa hiyo sikumtuma mtu. Nilipoipata, shamba lilikuwa limeshakabidhiwa. Baba yako mdogo alisaini, nami nikasaini. Pakiti yako ipo juu ya kabati.

Ni karai, ndiyo. Lile alilokuwa akikuogeshea mama yako. Kila nikitoka nje naliona limeegemea ukuta, sijui nilifanye nini.

Usijilaumu. Wewe ulinionea huruma, mimi nilitaka usiaibike, tukaharibu wote wawili. Maji yameshamwagika.

Wachoma chokaa wanaanza kuchimba Jumatatu. Jana niliwaomba wanipishe kidogo. Nimechimba sehemu zile zile kumi na tano kwa kijiti, nikachanganya kwenye beseni la plastiki, lile la kijani. Mfuko huo hapo. Najua kuupima hakutabadili kitu. Lakini nimeishi na shamba lile miaka yote hiyo, nataka kujua lilikuwa likiniomba nini.

Fomu nimeijaza yote. Nafasi ya chombo nimeandika mwenyewe.

Baba yako