Mchungaji Aliyegoma Kubeba Maneno

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, ila nikuonye mapema kwamba sijaja kutubu. Mimi ni mchungaji, na kanisani kwetu kuna dada wawili wa tumbo moja, mkubwa anaongoza kwaya na mdogo anapiga kinanda, nao hawasemeshani tangu mama yao alipougua na mdogo akamhamishia kwake bila kumuuliza mkubwa, basi mjumbe nikawa mimi, mkubwa ananivuta pembeni, "Baba mchungaji, mwambie huyo mpiga kinanda wako ashushe sauti, ananiua koo," nampelekea, mdogo ananijibu, "Mwambie aje apige mwenyewe," narudi nalo nimelipaka asali, na muda wote huo wamekaa karibu kiasi cha kuweza kushikana mikono.

Mwanzoni nilijiona mpatanishi, kumbe najimaliza, maana sasa simu ikilia tumbo linanikata, siku ya mazoezi ya kwaya chakula hakipiti, nawafokea wanangu kwa kudondosha kijiko tu, na wale dada wakishanimwagia yao wanaondoka wepesi, wanacheka. Jumapili iliyopita, kwaya imeshasimama, mkubwa akaniinamia, "Mwambie..." nami nikamkata, "Mama, yule pale ni mdogo wako na masikio anayo, mwambie mwenyewe!" Kipaza sauti kilikuwa wazi. Kanisa zima likasikia, wimbo haukuimbwa.

Sasa mwenyekiti wa wazee wa kanisa anasema sina upendo, wiki hii wanakaa kuamua kama nibaki au nihamishwe, na wanataka niwaombe radhi akina dada na kazi yangu iendelee kama zamani. Sifanyi! Tangu siku ile sijakanyaga mazoezini, naingilia mlango wa nyuma, simu zao sipokei, na wakinihamisha nitafungasha nikiwa na tumbo zima. Ombi langu ni moja: mwenyekiti wetu hakosi ukurasa wako gazetini, hata huukata kwa mkasi akautunza, kwa hiyo tafadhali mwambie kwamba niko sahihi, wewe atakusikia.

Ni mimi, Nimegoma.

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo baba mchungaji, halafu kaa chini tuseme.

Kwanza pole, na hongera. Ndugu wawili wakiogopana humtafuta wa tatu wa kumtwika hofu yao, na wakishampata hawana haja tena ya kupatana. Wewe ulikuwa kidonge cha kutuliza jino ambalo lilipaswa kung'olewa. Sasa kidonge kimekwisha dukani, wanalia. Waache walie. Hao wanaosema huna upendo wamezoea upendo wa kumtumatuma mtu, usitetereke hata kidogo.

Lakini kile kipaza sauti, hapana. Umewaaibisha mbele za watu, na kwa hilo utawaomba radhi, tena kila mmoja peke yake. Kwa hilo tu. Kwa kukataa kubeba, usiombe radhi hata wakupigie magoti.

Na huo mlango wa nyuma ni wa nini? Kugoma kubeba ni jambo moja, kuwakimbia watu wako ni jingine. Hofu yako ni ile ile ya tumboni, safari hii imehamia miguuni. Rudi mazoezini. Nenda ukamjulie hali mama yao. Piga soga na wote wawili, na mmoja akianza tu, "Mwambie...", mjibu kwa upole, "Yuko pale," kisha usiondoke. Watanuna, na wanune ukiwa umekaa hapo hapo. Tumbo litakukata kama kawaida yake. Vuta pumzi, uendelee kukaa.

Sasa mwenyekiti. Eti nimwambie mimi! Baba, hujaona ulichofanya? Umegoma kuwa mjumbe wa wenzako, halafu ukanitafuta mimi niwe wako. Nakiri nilikuwa nimeshaandika aya nzima ya kumpasha mzee wako, tena tamu kweli. Nimeifuta. Utaingia kwenye kikao kwa mlango wa mbele, utavuta kiti, utasema kwa kinywa chako: "Wazee wangu, maneno ya watu sibebi tena, na ninyi siwakimbii." Wakikuhamisha baada ya hapo, watakuwa wamemhamisha mtu aliyesimama.

Na wewe mzee mwenyekiti, najua umeshika mkasi. Hapa hakuna ujumbe wako. Mwenyewe yuko njiani, anakuja kukuambia.