Akina Masika wa Kyondo

Afande Kule,

Kabla hujafika mstari wa pili nakuomba, haya yabaki kwako. Huko uliko najua wako watu wengi wa Kasese, na baadhi yao walipokuwa hai hawakuweza kukaa na neno hadi jioni. Usiwasomee. Hata marehemu mke wako usimwonyeshe, maana utamwambia ni siri, naye atamwambia jirani kwamba ni siri. Nakuandikia kwa Kiswahili chako cha jeshini kwa makusudi. Ofisini tunaandika Kiingereza, nyumbani tunasema Lhukonzo, na wenzangu wakiiokota barua hii wataona uvivu kuimaliza.

Ni mimi Mbambu, karani wako. Yule uliyemfundisha kushika kalamu upya, naye tayari ana diploma.

Tangu tukuzike Kisinga, juu ya kiti chako wameweka mashine ya kuchapisha. Nilinuna wiki nzima. Sasa nimezoea, ingawa ikianza kunguruma bado nageuka nikidhani unaniita.

Lakini ninachotaka ujue ni habari ya mpango wa shule. Ule mpango wa miaka kumi uliokuwa ukiudai kila mara, nao wakikuambia subiri. Umeandikwa, Afande. Na haukuandikwa na watu watatu waliojifungia chumbani. Kamati ya mpango huo ilitutuma vijijini kuwauliza wazazi wenyewe wanataka nini, nami nilikuwa mmoja wa waliotumwa. Hamukungu walituambia watoto wasilazimishwe kufika shuleni alfajiri, kwa sababu saa hizo viboko hawajamaliza kurudi ziwani na njia ni moja. Kisinga wanaume walibishana nusu siku kuhusu choo cha wasichana, hadi muuguzi mmoja akawaambia wanyamaze wasikilize wanaokitumia. Yote hayo niliyaandika kwa mkono wangu. Kila ukurasa nilikuwa nasikia sauti yako: "Shule ni ya wale waliobeba matofali. Waulize wao."

Kisha tukapanda Kyondo.

Shule yao ya huko mlimani inaishia darasa la nne. Kuanzia la tano mtoto anashuka mteremko na kuvuka mto kwenda shule ya bondeni, na mvua zikija mto haupitiki. Wavulana hukaa nyumbani wakasahau. Wasichana hukaa nyumbani wakaolewa. Wazazi waliacha kahawa kwenye mikeka wakaja, wanawake wengi kuliko wanaume, wakajaza darasa hadi wengine wakasikilizia dirishani. Walitaka jambo moja tu, madarasa matatu ya juu yajengwe palepale. Mama mmoja aliyeolewa Kyondo akitokea Butembo alinisimamia begani akitazama kalamu yangu, akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambako ofisi ni biro.

"We mutoto wa biro, andika muzuri. Sema batoto yetu haiko samaki."

Niliandika hivyohivyo.

Sasa nafika mahali pa kuniumiza. Kamati iliweka sharti kwamba shule ambayo wazazi wake hawakujitokeza kwa wingi itaunganishwa na ya jirani. Kwa watu wa Kyondo, ya jirani ndiyo ile ya ng'ambo ya mto. Tuliporudi ofisini, Bwana Mratibu wa mpango alinipa kazi ya kuingiza orodha za mahudhurio kwenye kompyuta. Yeye hakuzaliwa huku. Alipoinama kutazama alisema, "Mbambu, hii orodha imejaa marudio. Huyu Masika amejiandikisha mara ngapi? Safisha."

Wewe huhitaji kuelezwa, ila naeleza ili nilitazame kosa langu usoni. Kwetu binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, na kila nyumba ina wake. Na kule juu akina mama wazee wanaandika jina hilo moja tu. Nilijua. Hakuna mtoto wa huku asiyejua. Nilitakiwa kusema sentensi moja: bwana, hawa ni watu mbalimbali. Nilifungua mdomo, nikaona mkataba wangu unakwisha baada ya miezi miwili, nikaufunga. Nikabonyeza. Akina Masika wote wakawa Masika mmoja, akina Biira wakawa Biira mmoja, na darasa lile lililofurika likabaki na watu wa kujaza mabenchi mawili. Bwana Mratibu aliniambia, "Kazi safi." Nami nikasema asante.

Rasimu ilipotoka, mbele ya jina la shule ile paliandikwa kwamba wazazi hawakujitokeza, iunganishwe. Kwa miaka kumi, Afande.

Siku zile sikula vizuri. Mama alidhani nina malaria akanipeleka kupimwa, nikapimwa. Nilitamani ungekuwepo unikemee tu, ule ukali wako wa "Simama wima, sema ulichofanya." Siku moja mchana nilifungua droo kutafuta rula, nikakuta karatasi zenyewe za Kyondo. Pembeni ya kila jina nilikuwa nimeandika, bila hata kufikiri, kama ulivyonizoesha: Masika wa kwa mashine ya kukoboa. Masika mke wa katekista. Biira mwenye pacha. Masika mama wa fundi cherehani. Ulipokuwa hai nilikuwa nakulalamikia kwamba unanichosha, nani atasoma hayo ya pembeni. Kompyuta haikuwa na nafasi ya hayo, ndiyo maana hayakuingia. Lakini karatasi ilikuwa nayo.

Sikumpelekea Bwana Mratibu. Naona haya kukuambia. Niliziweka kwenye mfuko, nikazitembeza na mimi siku tatu.

Siku ya nne ndiyo ilikuwa ya kuwasomea watu rasimu, katika ukumbi pale Kasese. Walikuja kutoka pande zote. Wa Kyondo walifika wamechelewa, vumbi la boda boda kichwani, wakakaa nyuma. Jina la shule yao liliposomwa pamoja na lile neno "hawakujitokeza," hawakupiga kelele. Yule mama wa Butembo alisimama polepole.

"Siye tulikuya. Ao tulikuya mu ndoto?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, maana ni mimi niliyemwahidi kuandika vizuri.

Nilisimama. Nilishika meza kwa mikono miwili. Nikasema, "Walikuja. Kosa ni langu. Niliwafuta kwa sababu wanaitwa jina moja, na nilijua si mtu mmoja." Bwana Mratibu akaniambia niketi. Afande, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuketi nilipoambiwa na mkubwa. Nilitoa karatasi nikaanza kusoma na ya pembeni yake.

"Masika wa kwa mashine ya kukoboa."

"Niko."

"Masika mke wa katekista."

"Niko hapa, na katekista naye yuko."

"Masika mama wa fundi cherehani."

"Amebaki na mgonjwa, lakini kanga hii ni yake, nimeiazima."

Mzee mmoja wa Kisinga akapaza sauti, "Kumbe Masika ni kijiji kizima," ukumbi ukaangua kicheko. Lakini nilipoendelea kicheko kilipungua, kisha kikaisha, na kila aliyeitwa alibaki amesimama. Nilipomaliza, ukuta wote wa nyuma ulikuwa watu. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile nilichokiona.

Bwana Mratibu alivua miwani. "Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Niliogopa, bwana."

Aliivaa tena, akasema mbele ya wote, "Nami sikuuliza." Namheshimu kwa hilo.

Kamati ilitoka nje ikarudi. Shule ya Kyondo imebaki, na madarasa yake matatu yameandikwa katika miaka ya mwanzo ya mpango, si ya mwisho. Na orodha yoyote sasa inasomwa kwanza kijijini kwenyewe kabla ya kuingia kwenye kompyuta. Wameandika pia kwamba nafasi ya maelezo ya pembeni iongezwe. Hawakutaja kwamba ni utaratibu wako. Mimi naujua.

Mkataba wangu waliuongeza, ila wamenitoa makao makuu. Wengine wanasema nimeadhibiwa. Huenda. Asubuhi naamka bado nina woga uleule, woga wa barua zenye muhuri, woga wa kuitwa ofisi ya mkubwa. Haujaondoka. Nilichogundua ni kwamba unaweza kusimama nao.

Nakuahidi hili: sitaondoka kijiji chochote kabla sijawasomea watu nilichoandika juu yao, hata gari likipiga honi. Pumzika, Afande. Zamu imeshikwa.

Ukitaka kunifikia, usipite Kasese, hutanikuta. Niko Bwera, ofisi ndogo yenye mlango wa kijani, chumba cha mwisho. Jumanne na Ijumaa usije, ni siku za soko la mpakani, na kwa kelele za malori sitakusikia. Jumatano niko mezani tangu asubuhi, dirisha la upande wa milima nimeliacha wazi. Alhamisi napanda Kyondo kuwasomea wazazi ramani ya madarasa. Usibishe hodi, ingia tu ukae nyuma na waliochelewa. Ukiona nasoma haraka kwa woga, kohoa. Nitasimama, nianze tena mstari ule.

Karani wako,
Mbambu